Ua halikai peke yake: niliyoyasema kwa wenzangu wa matembezi, Mbeya

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa kikundi chetu cha matembezi. Wengi mlishindwa kufika sababu ya ile mvua, mkanisumbua kwenye simu niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu zile sehemu nilizokuwa nahangaika na projekta.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo. Mimi sio mtaalamu wa mimea, naomba hilo tulimalize mapema ili mtu asije kuniuliza maswali ya darasani. Mimi ni mtu ninayetembea na simu, na siku nikiwa na hela ya gari natembea na kamera, nalala chini kwenye majani yenye umande napiga picha maua na uyoga, narudi nyumbani nguo zina tope mpaka mke wangu ameniwekea ndoo yangu peke yangu nje ya mlango. Miaka tisa sasa. Na nataka niwaambie nilivyoharibu ile miaka minne ya mwanzo.

Nina picha zaidi ya elfu sita, zingine nzuri kwelikweli, kuna moja imekuwa kava ya simu ya shemeji yangu. Sasa siku moja nikapata bahati ya kukaa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya mimea maisha yake yote, ameshastaafu, nikamfungulia laptop nikawa nampitishia, moja baada ya nyingine, mi nasubiri anisifie. Mzee kavaa miwani yake, kaangalia kama picha thelathini hivi, kimya. Alafu akasema, "Kijana, hapa umepiga rangi. Ua lenyewe liko wapi?" Nikamwambia si hilo hapo mzee, hilo jekundu. Akaniuliza jani lake likoje? Sijui. Shina lina manyoya au laini? Sijui. Lilikuwa kwenye mwamba, kwenye tope, kwenye nyasi zilizochomwa moto? Mzee, nilizumu, sikuona. Akafunga laptop taratibu, wala hakuwa na hasira, akaniambia ua halikai peke yake, we umelikata kichwa.

Yaani nilisikia aibu ile ambayo unaitafutia pa kuiweka huipati. Lakini alikuwa na haki. Ukipiga ua kwa karibu sana, nyuma pamekuwa ukungu mtupu, umepata picha ya kuweka stetasi, basi. Mtu wa kukwambia hilo ni ua gani hana cha kushika. Mimea mingi inatofautiana kwenye majani na kwenye sehemu ambazo hakuna anayezitamani, chini kabisa kwenye udongo, au nyuma ya ua, pale linapoungana na kikonyo.

Kwa hiyo saivi nikiliona ua, kitu cha kwanza simu inabaki mfukoni. Najua ni ngumu. Nachuchumaa kwanza naangalia jirani zake. Kuna nini hapa? Nyasi za aina gani, maji yanapita wapi, kuna mdudu ameingia? Pale Kitulo, ile hifadhi ya maua huko juu, ukikaa kimya karibu na yale maua marefu mekundu na njano yanayosimama kama mienge, Kniphofia ndo jina lake la kitabuni, baada ya muda chozi atakuja, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, atashika bua atazamisha mdomo kwenye kila kimrija. Ukiwa umekimbilia kupiga na kuondoka hukumuona, na ile ndo stori yenyewe ya lile ua, limekuwa na mirija vile sababu ya ule mdomo.

Alafu ndo napiga. Ya kwanza nasimama mbali, ionekane sehemu nzima, ua liwe dogo tu katikati. Nasogea napiga mmea mzima toka udongoni mpaka juu. Napiga jani, juu na chini, nalipindua na kidole sichumi. Napiga ua kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Ile picha yako ya urembo ya stetasi ipige mwisho, haikimbii. Na ile potreti ya kwenye simu inayofanya nyuma kuwe na ukungu, izimeni, nawaombeni. Kwanza inakosea, inakata ncha za petali ikidhani ni sehemu ya nyuma, pili ndo ileile ya kufuta majirani. Ua jeupe nalo linasumbua wengi, linatoka limeungua kama balbu, hapo gusa skrini juu ya ua kile kijua kidogo kikitokea kishushe kwa kidole mpaka uone mistari ya petali imerudi. Upepo ukisumbua, mwenzako ashike kanga aitandaze upande upepo unakotoka. Mi nina kibanio cha nguo nimekifunga kwenye kijiti, nachomeka kijiti chini, kibanio kinashika bua taratibu, ua halitikisiki. Shilingi mia tu, na kimenisaidia kuliko lenzi niliyokopea hela.

Nimeitaja Kitulo basi niiseme vizuri maana wengine hapa mmezaliwa Mbeya hamjawahi kupanda. Unashuka Chimala, unapanda zile kona za Matamba, hamsini na saba, zihesabuni wenyewe, mi kila nikihesabu napotea kwenye thelathini na kitu sababu mtu wa nyuma kaanza kutapika. Ukifika juu uko zaidi ya mita 2,600, baridi inakata, na ukienda Juni au Julai utakuta nyasi kavu na barafu asubuhi utasema jamaa alinidanganya. Nendeni kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimeshika. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Mwaka 1877 kuna Mwingereza anaitwa Frederick Elton alipita huko, ndo maana kwenye ramani za zamani uwanda ule umeandikwa kwa jina lake, kana kwamba Wakinga na wengine waliokuwa wakiishi pembeni yake hawakuwa na jina la kupaita. Baadaye pakawa shamba la kondoo, pakawa la ng'ombe wa maziwa, alafu mwaka 2005 pakatangazwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba kama 413. Zimehesabiwa aina 350 hivi za mimea, na okidi za ardhini peke yake ni kama 45. Hifadhi zetu nyingi tumezizoea kwa simba na tembo. Hii imewekwa kwa ajili ya maua, na mi naona fahari sana kwa hilo.

Sasa hizo okidi. Hapa mnivumilie nitakaa kidogo, ndo penye moyo wangu.

Watu wakisikia okidi wanafikiria zile za hoteli kwenye chungu cheupe. Za kwetu kule juu zinaota chini kwenye nyasi, wakati mwingine bua halikufiki hata gotini, na unaweza kuikanyaga. Majina yake ya kitabuni ni kama Disa, Satyrium, Habenaria. Satyrium nyuma ya kila kiua ina vipembe viwili vinavyoning'inia, kama masikio ya mbuzi, na wadudu wenye ulimi mrefu wanafuata asali humo ndani. Ukitaka kuona hivyo vipembe lazima ulale chini kabisa shavu liguse nyasi, na mi ndo maana natembea na nailoni ya magodoro, imekunjwa kwenye begi. Ukilala hapo ndo unaanza kuelewa kitu. Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja lina maelfu ya mbegu, ukipuliza zinapotea kama moshi, na ndani ya mbegu hakuna chakula. Hindi lina wanga wake, haragwe lina akiba, okidi haijawekewa chochote na mama yake. Ikianguka inasubiri uyoga. Ndio, uyoga, zile nyuzi zake nyembamba zilizoko ndani ya udongo, zinaingia kwenye mbegu na kuilisha mpaka iote jani. Wasipokutana, mbegu imekufa. Na wakikutana bado itachukua miaka kadhaa mpaka ua la kwanza.

Kwa hiyo ukiona okidi moja imesimama pale, chini yake kuna mtu mwingine amemshika mkono humuoni. Ndo maana ukiing'oa ukaipeleka nyumbani kwenye chungu cha udongo wa duka inakufa. Nimejaribu, najua, nilikuwa mjinga.

Na chini kuna viazi. Hapa baadhi yenu mnacheka kwa sababu mnajua naelekea wapi. Viazi vya okidi vinachimbwa, vinakaushwa, vinasagwa, vinapikwa pamoja na karanga zilizotwangwa mpaka vinaganda kama keki ya nyama, Wazambia wanaita chikanda, na ni chakula chao cha heshima toka zamani, mi sina ugomvi nacho na nimekula, ni kitamu. Shida ni kwamba kilichokuwa chakula cha kijijini kimekuwa biashara ya mijini, okidi za upande wao zikapungua, wanunuzi wakavuka kuja kwetu, na nyanda zetu za juu zikatoa viazi kwa mamilioni. Okidi ya ardhini ina viazi viwili tu, cha mwaka huu na cha mwaka kesho. Ukichukua vyote hakuna kesho. Kisheria okidi zote duniani ziko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kuzivusha mpaka kunataka kibali, lakini gunia la viazi vilivyokauka nani anajua ni la nini.

Nawaambia hivi kwa sababu mimi nimechangia. Mwaka mmoja, nje ya mpaka wa hifadhi, karibu na kijiji kimoja sitakitaja, nilikuta bonde dogo lina okidi za rangi ya chungwa sijawahi kuona nyingi vile, nilihesabu mia na ishirini nikaacha. Nikapiga, nikarusha kwenye makundi na lokesheni juu, nikaandika njooni muone maajabu. Picha ikatembea. Mwaka uliofuata nikawapeleka rafiki zangu wawili, nimewasifia njia nzima. Tukakuta mashimo. Madogo madogo, kila moja ukubwa wa ngumi, udongo umegeuzwa, mvua imeshaanza kuyafukia pembeni, bonde zima kama limepigwa na ndui. Tulipata mmea mmoja, ulikuwa umejificha nyuma ya jiwe. Rafiki yangu akaniuliza sasa maajabu ndo haya? Sijui kama ni picha yangu iliyowaleta. Inawezekana wangekuja tu, watu wa pale hawahitaji simu yangu kujua bonde lao. Lakini toka siku ile sijawahi kuweka lokesheni ya okidi.

Na lokesheni haitoki mdomoni tu, simu yenyewe inasema. Kila picha, kama GPS ya kamera imewashwa, imebeba ndani yake namba za mahali ulipokuwa umesimama. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida zile namba zinafutika, lakini ukituma kama dokumenti ili isipungue ubora, na wapiga picha tunapenda sana kutuma kama dokumenti, zinaenda nayo zote. Zimeni kwenye setingi za kamera kabla hamjaingia porini. Wanaotumia iNaturalist, ile apu ya kupandisha picha za mimea na wadudu, na nawashauri mtumie maana watu wa dunia nzima wanakusaidia kutambua bure, kule aina zilizo hatarini lokesheni inafichwa yenyewe, nukta inatupwa popote ndani ya boksi lenye zaidi ya kilomita 20 kila upande. Kwa zisizofichwa zenyewe unachagua mwenyewe wakati wa kupandisha. Chagueni kuficha, mtaalamu mkweli akitaka atakuomba.

Sasa uyoga. Naona kina mama mmekaa sawa.

Mvua za kwanza zikianza kushika, kabla hujaenda mbali, anza na kichuguu. Ule uyoga wa kichuguu mnaoununua barabarani kwenye ndoo una mguu mrefu unaoingia chini kama mzizi, ukiufuata mita nzima wakati mwingine, unaishia kwenye nyumba ya mchwa. Mchwa ni wakulima. Wanatafuna majani makavu na miti, wanajenga kitu kama sponji ya kahawia humo ndani, uyoga unaota juu ya ile sponji na kulainisha yale mambo ambayo mchwa mwenyewe hawezi kuyasaga tumboni, alafu wanakula. Mvua zikija uyoga unatoa kichwa nje utupe mbegu zake. Na huu ukulima ni wa zamani mno, mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamekuta bustani za mchwa zilizogeuka mawe hapa hapa kwenye bonde la ufa la Rukwa, umri wake miaka milioni 25 hivi. Rukwa hii ya kwetu ya samaki! Sisi jembe tumelishika juzi. Kuna ndugu yake mmoja alipewa jina la kitaalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika mita moja, ni mwavuli wa kumfunika mtoto asinyeshewe, nao unaliwa. Na kuna wadogo kabisa, weupe, wanaotapakaa juu ya udongo kama mtu kamwaga mchele. Familia moja hiyo.

Kupiga picha uyoga ni kazi tofauti na ua. Ua linataka uonekane uso, uyoga wenyewe siri zake ziko chini ya kofia. Chini ya kofia kuna kurasa nyembamba kama za kitabu, au vitundu vidogovidogo kama sponji, au mikunjo inayoteremka mpaka kwenye mguu, na hapo ndo wanapotenganishwa. Wengi wanang'oa na kugeuza. Mi nabeba kioo kidogo cha kujitazamia, kile cha mia tano cha sokoni, nakiteleza chini ya kofia napiga picha kwenye kioo. Uyoga unabaki umesimama. Giza likizidi nachukua paketi ya kripsi naigeuza nje ndani, ule upande unaong'aa unarudisha mwanga chini ya kofia, taa ya bure kabisa, mkimaliza paketi mnaondoka nayo. Flashi usiwashe, inafanya uyoga uonekane kama sabuni. Weka sarafu ya mia mbili pembeni, upande wa simba, ili ukubwa ujulikane, maana uyoga wa kidole na uyoga wa sahani kwenye picha wanalingana. Na fukua kidogo udongo kwenye shina na kijiti, angalia kama kuna kikombe kimezika mguu, alafu urudishie udongo. Kikombe hicho ni habari kubwa, uyoga hatari kuliko wote wanavaa hicho kikombe.

Na piga mti ulioko juu yake. Hili watu hawalifanyi kabisa. Kwenye miombo, ile mitundu na miyombo unayoipita njia ya Chunya, uyoga mwingi unaouona chini umefungwa na mizizi ya miti hiyo, mti unaupa sukari, wenyewe unaupa mti maji na chumvi za udongoni. Mti ukigeuka mkaa, uyoga wake nao umekwenda, hata mvua inyeshe vipi. Mama mmoja wa kule aliniambia wao wanajua mahali pa kuokota kwa kuangalia majani ya juu, hawaangalii chini. Ukienda kwenye mipaina, Sao Hill kwa mfano, utakuta uyoga mwingine kabisa, ule mwekundu wenye madoa meupe wa kwenye vitabu vya watoto wa Wazungu. Huo sio wa kwetu, ulikuja umepanda mizizi ya miche ya paini kutoka ng'ambo. Unavutia, una sumu, na ndo wa kwanza kupigwa picha na kila mgeni.

Kuna jaribio nataka mlifanye nyumbani na watoto. Mwaka juzi kwenye nyasi za nyumba niliyopanga palitoka uyoga mweupe mkubwa, mzuri, umejipanga duara, umefanana kabisa na wa kichuguu. Jirani akaja na bakuli. Nikamwambia subiri kesho. Nikakata kofia moja nikailaza kwenye karatasi, kurasa zikiangalia chini, nikafunika na bakuli lake hilohilo. Uyoga unaangusha spora, ule unga wake wa kuzalia, usiku kucha. Asubuhi tukafunua, kwenye karatasi palikuwa na mistari kama miale ya jua, imejichora yenyewe, rangi ya kijani. Kijani ya kufifia kama ya fenesi bichi. Uyoga wa kichuguu unaacha rangi ya pinki iliyopauka. Huu wa kijani ni Chlorophyllum molybdites, unapenda bustani za nyumba, na ukiula utatapika na kuharisha siku nzima. Jirani alichukua bakuli lake akaliosha mara tatu.

Na hapa nasema kwa sauti, simu isikutume kula. Apu inaangalia picha, inakisia. Mimi picha zangu naambiwa asilimia tisini ni kitu fulani, kesho mtaalamu ananiambia hapana. Na zile za kuambiwa weka kijiko cha fedha kwenye sufuria kikiwa cheusi una sumu, au konokono akiula ni salama, ni uongo, konokono ana tumbo lake na we una lako. Kuna uyoga unaukuta mtamu, unalala vizuri, unaanza kuumwa baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi, alafu unapata nafuu unasema nimepona, kumbe ini ndo linamalizika. Kuleni ule ambao bibi zenu walikula na aliyewaonyesha yupo amesimama pale. Sisi wengine tunapiga picha.

Haraka haraka niseme na hili la maua ya kwetu na yasiyo ya kwetu, maana nilipoomba mnitumie picha za maua ya porini ya Mbeya nusu mlinitumia alizeti pori, ile ya njano ya kando ya barabara. Imetoka Mexico na nchi za jirani yake. Ile yenye vimaua vya rangi mbilimbili inayokwaruza, lantana, nayo ni ya Amerika. Jakaranda, Amerika Kusini. Miwati, Australia. Sio dhambi kuzipiga picha, ila sio mwitu wa hapa. Na wakati sisi tunahangaika na za watu, za kwetu zimekaa kwenye madirisha ya Ulaya. Ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, kila supamaketi ya kule linauzwa, wanaliita violeti ya Afrika. Limetoka Tanga, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja mkubwa wa serikali yao, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Sasa limezalishwa mamilioni na mamilioni. Na huko Usambara aina zake nyingine zimebaki kwenye vipande vya msitu unaweza kuvizunguka kwa mguu kabla chai haijapoa. Nilienda Amani, huko huko Usambara, kulitafuta, siku mbili, nikalikuta kwenye ufa wa jiwe juu ya kijito, maua matatu, na kwa mara ya kwanza maishani nilipiga jiwe, nikapiga kijito, nikapiga kivuli, ndo nikapiga ua.

Basi hapo nikamaliza, nikafungua maswali.

Wakauliza ya kamera, ya bei, nikajibu. Alafu akanyanyua mkono bibi mmoja aliyekaa mbele, amejifunga kitenge, alikuja na mjukuu wake wala sio mwanachama. Akasema nirudishe ile picha ya uyoga mkubwa, ule niliouonyesha katikati, umesimama kwenye kichuguu. Nikarudisha. Akaniuliza, "Huu uliula?" Nikamwambia hapana bibi, niliupiga picha tu. Ukumbi ukacheka. Akasema sawa, basi niambie uko wapi. Nikamwambia bibi samahani sana, si umenisikia, lokesheni sitoi, nimeshazima mpaka GPS. Akasogea karibu na ukuta, akaangalia kwa muda. Hakuangalia uyoga. Alikuwa anaangalia nyuma yake, huku pembeni, ambako mimi kwa kufuata mafundisho yangu mwenyewe nilikuwa nimeacha kila jirani aonekane vizuri.

"Huu mtundu ulioungua upande mmoja," akasema, "na hili jiwe. Hiki kichuguu nakijua toka sijaolewa." Akamgeukia mjukuu wake akamwambia kesho waondoke saa kumi na moja.